Viongezeo vya Asili kwa Ndama wa Maziwa: Gramu Chache Zinafanya Nini Hasa?

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa siku hizi hapungukiwi na ushauri. Huyu atamwambia asage kitunguu saumu atie kwenye maziwa ya ndama, yule atamtajia hamira, mwingine unga wa majani, na wa nne ana pakiti iliyoandikwa "asilia" kwa herufi kubwa. Wote wanaahidi jambo moja: ndama atakua upesi na hataharisha. Ndani ya ahadi hizo mna ukweli, ila umechanganyika na mengi, na anayeumia ukweli huo ukipotea ni ndama wa wiki mbili asiyeweza kusema tumbo linamuuma.

Mazungumzo haya yameshika kasi kwa sababu ya antibiotiki. Kuanzia miaka ya 1950 ilikuwa kawaida katika nchi nyingi kuwapa mifugo wasio wagonjwa dozi ndogo ya antibiotiki kwenye chakula ili wakue haraka. Baadaye ikaonekana kwamba dozi hizo ndogo za kila siku zinafundisha vijidudu kuishi na dawa, na dawa hizohizo ndizo zinazotegemewa na binadamu hospitalini. Sweden ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kabisa tarehe 1 Januari 2006, na Marekani ikaziondoa antibiotiki muhimu kwa binadamu kwenye kazi ya kukuza mifugo kuanzia 2017. Palipobaki pengo ndipo mimea, hamira, bakteria rafiki na asidi za asili zilipoingia.

Kwanza tuelewane maneno. Chakula ni kile kinachompa ndama nguvu, protini, mafuta na madini ya kujenga mwili: maziwa, chakula cha kuanzia cha nafaka, baadaye nyasi. Kiongezeo ni kitu kinachotiwa kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi gramu tu kwa siku, ili kusaidia chakula hicho kitumike vizuri au kuzuia vijidudu visivuruge utumbo. Chakula ni mboga iliyomo sufuriani, kiongezeo ni kiungo. Sufuria ikiwa tupu, iliki haitamshibisha mtu.

Neno "asilia" nalo lisimpe mtu usingizi. Penisilini inatokana na kuvu. Monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe katika nchi kadhaa, hutengenezwa na bakteria wa udongoni, na kiasi ambacho ng'ombe anakivumilia kinaweza kumuua farasi. Neno hilo linaeleza kitu kimetoka wapi. Halielezi kama ni salama, kwa kiasi gani, wala kwa mnyama wa umri gani.

Njia mbili ndani ya ndama mmoja

Makosa mengi ya viongezeo yanaanzia hapa, kwa hiyo tutakaa kidogo. Ng'ombe mkubwa ana matumbo manne, na la kwanza, rumeni, ndilo pipa kubwa ambamo bakteria huchachusha nyasi. Ndama anazaliwa nayo yote manne, lakini rumeni yake ni ndogo na haijaanza kazi. Tumbo kubwa kwake ni la nne, ambalo linamenya maziwa kwa asidi na vimeng'enya, karibu na tumbo lako au langu linavyofanya.

Ndama anaponyonya, kingo za mfereji mdogo ulio mwisho wa umio hujikunja zikakutana na kuwa bomba. Maziwa hupita humo moja kwa moja hadi tumbo la nne, yakiiruka rumeni. Nafaka anayotafuna na maji anayokunywa kwenye ndoo kwa kiu yake, kwa sehemu kubwa, huangukia rumeni. Basi kuna njia mbili: njia ya maziwa na njia ya nafaka.

Kiongezeo kinachofanya kazi utumbo mwembamba kipitie kwenye maziwa. Kinachofanya kazi rumeni kipitie kwenye nafaka. Hamira ya kusaidia rumeni ikikorogwa kwenye maziwa, inairuka rumeni yenyewe. Huo ni sawa na kupeleka mbolea shambani kwa gari linalopita barabara kuu bila kusimama.

Na kuna njia ya tatu ambayo haifai kabisa: kumshika ndama, kumwinua kichwa na kumimina mchanganyiko kooni kwa chupa. Bomba lile hutokea kwa hamu ya kunyonya, na anayelazimishwa hanyonyi. Kinywaji kinaangukia rumeni isiyokijua, au kibaya zaidi, kinaingia mapafuni. Nimonia ya namna hiyo huua.

Hesabu inayotangulia kiongezeo

Ndama huzaliwa bila kingamwili za kutosha mwilini. Anazipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na utumbo wake unaziruhusu zipite hadi kwenye damu kwa saa chache tu. Mlango huo unajifunga saa hadi saa, na kufikia saa 24 umefungwa. Kwa hiyo ndama wa kilo 40 apate lita 4 za dang'a safi, yaani asilimia 10 ya uzito wake, ndani ya saa mbili za kwanza ikiwezekana na zisipite sita, kisha lita 2 nyingine kabla ya saa 12. Mwenye refraktometa, kile kipimo cha mkononi cha Brix kinachoonyesha ubora wa dang'a, atafute dang'a inayosoma 22 au zaidi. Hakuna mmea, bakteria wala asidi inayorudisha kilichokosekana hapa. Anayeniuliza pesa ya kiongezeo aiweke wapi nitamwambia anunue kipimo hiki kwanza.

Halafu maziwa. Ndama wa kilo 45 anatumia takriban lita 2.6 za maziwa kwa siku ili aishi tu: apumue, asimame, ajitie joto. Akipewa lita 4, za kukulia ni lita moja na nusu hivi. Ikiwa na baridi, chini ya nyuzi 15 kwa ndama wa wiki tatu za mwanzo, hata hiyo inaliwa na kujipasha moto. Wengi humwona ndama wa namna hii, manyoya yamesimama na mbavu zinahesabika, wakatafuta "cha kumkuza". Cha kumkuza ni maziwa zaidi: kupandisha polepole hadi lita 6 au 8 kwa siku, kwa milo miwili au mitatu.

Maji ndiyo yanayosahaulika kuliko yote, kwa imani kwamba maziwa ni maji tosha. Lakini maziwa yanairuka rumeni, na bakteria wa rumeni hawawezi kuchachusha nafaka kavu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 1984, ndama walionyimwa maji ya kunywa walikula nafaka pungufu kwa asilimia 31 na kuongezeka uzito pungufu kwa asilimia 38. Sijui kiongezeo chochote ambacho ningethubutu kukiahidia asilimia 38. Ndoo ya maji safi iwepo tangu siku za kwanza, mbali kidogo na ndoo ya nafaka ili ndama asihamishe punje majini kwa mdomo.

Sasa viongezeo vyenyewe

Probiotiki ni vijidudu hai vyenye faida: bakteria wa jamii ya Lactobacillus, Bifidobacterium, Enterococcus faecium, au Bacillus wanaojifungia ndani ya ganda gumu. Kazi yao ni kuwahi nafasi. Utumbo wa ndama mchanga ni kama daladala linaloondoka kituoni likiwa tupu, na abiria wema wakikaa mapema, wabaya wanakosa viti. Kiasi kinachotumika sana ni kama bilioni moja ya vijidudu hai kwa ndama kwa siku, kwa wiki chache za mwanzo. Faida yake imeonekana zaidi kwa ndama wanaonyweshwa maziwa ya unga kuliko wanaokunywa maziwa halisi, na zaidi kwenye mabanda yenye kuharisha kwingi. Ndama mwenye afya, aliyeshiba dang'a, kwenye banda kavu, atafaidika nazo kidogo au hatafaidika kabisa. Kuijua tofauti hiyo kunaokoa gharama.

Prebiotiki si vijidudu bali ni sukari ngumu ambazo ndama hazimenyi. Iliyo maarufu kwa ndama ni ile inayotolewa kwenye ukuta wa chembe za hamira, inayoitwa kwa kifupi MOS, na hupewa gramu 2 hadi 4 kwa siku kwenye maziwa. Namna inavyofanya kazi inapendeza. Bakteria kama E. koli na salmonela wana vinyweleo vyenye ncha inayotafuta sukari ya manosi kwenye ukuta wa utumbo, wajishikilie wasisombwe. MOS imejaa manosi, hivyo bakteria wanashika chambo badala ya ukuta, kisha wanatoka na kinyesi.

Lakini ile aina ya E. koli inayoharisha na kuua ndama katika siku 4 za mwanzo, iitwayo K99, inashika utumbo kwa vinyweleo vya namna nyingine visivyotafuta manosi. Virusi vya rota na kile kimelea cha kriptosporidia, vinavyoleta kuharisha kati ya siku ya 5 na ya 15 hivi, navyo havina habari na chambo hiki. Ndiyo maana jirani mmoja anasema MOS imeponya banda zima na mwingine anasema ametupa pesa, na wote wawili wanasema kweli. Vijidudu vya mabanda yao havifanani.

Butireti ni chumvi ya asidi ya butiriki, asidi ileile ambayo bakteria wa rumeni huitengeneza wakichachusha nafaka. Ni chakula cha chembe za ukuta wa utumbo na rumeni. Rumeni ya ndama mchanga kwa ndani ni laini. Ya ndama wa wiki nane aliyekula nafaka vizuri imesimama vijinyuzi vingi kama taulo, na kila kijinyuzi kinaongeza eneo la kufyonza chakula. Butireti ndiyo inayoamsha vijinyuzi hivyo. Nyasi kavu peke yake hupanua rumeni kama mfuko na kukaza misuli yake, lakini taulo halioti hivyohivyo kwa nyasi tu. Yule ndama mwenye tumbo kubwa la nyasi na mgongo mwembamba, anayesifiwa kuwa "ameshakomaa tumbo", ana mfuko mpana usio na taulo.

Mafuta ya maziwa ya ng'ombe yana butiriki ndani yake. Maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea hayana. Kwa hiyo anayenywesha maziwa halisi tayari anatoa sehemu ya kiongezeo hiki bila kukinunua, na anayetumia unga ndiye mwenye sababu nzuri ya kukiongeza, kwa takriban gramu 3 za butireti ya sodiamu kwa kila kilo ya unga mkavu. Hiyo inayopita kwenye maziwa inahudumia zaidi utumbo. Kwa rumeni, njia ni kuiacha ijitengenezee butireti yake: chakula cha kuanzia chenye protini asilimia 18 hadi 20, kiganja kimoja kuanzia siku ya tatu au ya nne, kibadilishwe kila siku hata kama hakikuguswa.

Hamira hai, Saccharomyces cerevisiae, inawekwa kwenye nafaka. Inatumia hewa kidogo ya oksijeni inayoingia rumeni, na bakteria wanaochukia oksijeni wanastawi. Je, hamira ya mkate itafaa? Ni jamii moja lakini si mbegu moja. Za mifugo zimechaguliwa kwa kuvumilia mazingira ya rumeni, za mkate kwa kuumua unga haraka. Na kuikoroga kwenye maji ya uvuguvugu yenye molasi, ikatoka povu, ndipo anyweshwe ndama, ni kumjaza gesi tumboni.

Mimea na mafuta yake yenye harufu ndiyo yanayozungumzwa kuliko vyote, na ndiyo yanayohitaji mkono mwepesi. Mafuta ya origano yana karvakroli na thimoli, ambazo hutoboa ngozi ya bakteria. Ngozi hiyo ikitoboka, bakteria hufa, mbaya na mwema, kwa hiyo kumpa ndama dozi kubwa ya mafuta haya pamoja na probiotiki ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Mafuta hayachanganyiki na maji. Ukiyadondosha kwenye ndoo utaona duara linang'aa juu ya maziwa, linazunguka na kushikamana na ukingo. Ndama wa kwanza kuinamisha kichwa anameza karibu lote, na wa tatu anapata harufu tu. Heri bidhaa iliyofungwa ndani ya unga au nafaka.

Kitunguu saumu nacho kina siri yake. Kiini chenye nguvu, alisini, hakimo ndani ya punje nzima. Hutengenezwa na kimeng'enya pale punje inapopondwa, na moto huua kimeng'enya hicho. Anayechemsha vitunguu vizima kisha akatoa mchuzi ametoa harufu. Anayezidisha naye ana hatari yake: jamii ya vitunguu ina viini vya salfa ambavyo vikizidi huvunja chembe nyekundu za damu, na ng'ombe ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika. Fizi zilizopauka na mkojo mwekundu ni dalili za kuacha mara moja na kumwita daktari wa mifugo. Kwa kuwa punje mbichi hutofautiana nguvu, bidhaa iliyopimwa na yenye dozi kwenye lebo ni salama kuliko kukisia kwa kiganja.

Kinachoharibika ndooni

Kiongezeo kizuri hufia mikononi mwa mtoaji. Cha kwanza ni joto. Maziwa ya kumnyweshea ndama yawe nyuzi 38 hadi 40. Anayetia probiotiki kwenye maziwa yaliyotoka motoni amewapika. Yapoe kwanza, ndipo utie, ukoroge, unyweshe papo hapo. Vivyo hivyo pakiti iliyokaa juani kwenye dirisha la stoo: jina liko palepale kwenye lebo, waliomo ndani wamekufa.

Cha pili ni tope la chini. Angalia ndoo ndama akimaliza. Mara nyingi kuna kikombe cha maziwa kimebaki, na ukikiinamisha unaona unga umelala chini kama mchanga. Dozi nzima ya siku hiyo imebaki pale. Dawa yake ni kuukoroga unga kwanza kwenye maziwa kidogo, nusu kikombe, hadi mabonge yaishe, ndipo uumimine kwenye ndoo, na kutia dozi kwenye lita ya kwanza badala ya ya mwisho.

Cha tatu ni antibiotiki. Ndama akitibiwa kwa antibiotiki, dawa hiyo inaua probiotiki za bakteria anazopewa, huku hamira inapona kwa sababu ni kuvu. Na maziwa ya ng'ombe anayetibiwa matiti, yale yasiyoruhusiwa kuuzwa, yasiishie kwa ndama huku unamtilia bakteria rafiki. Yanabeba dawa kidogo kila siku, na hapo tumerudi kulekule kulikofanya Ulaya ifunge mlango.

Wengi huuliza: ndama akiharisha, nimwongezee kiongezeo? Hapana. Kinachomuua anayeharisha ni kupoteza maji na chumvi. Mpe lita 2 za maji ya chumvi za kurejesha maji mwilini yaliyotengenezwa kwa ajili ya ndama, mara moja au mbili kwa siku, saa kadhaa mbali na maziwa, na maziwa yenyewe usiyakatishe, maana ndiyo chakula chake. Vuta ngozi ya shingo uiachie. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, au macho yamezama, amekauka. Asiyeweza kusimama au asiyetaka kunyonya anahitaji maji ya mshipani, na hiyo ni kazi ya daktari leo hii. Kusubiri kitunguu saumu kifanye kazi hapa ni kumpoteza.

Kujua kama kimefanya kazi

Ndama hukua hata bila kiongezeo, na hilo ndilo linalouza pakiti nyingi. Kupima ni rahisi. Chagua kiongezeo kimoja kwa tatizo moja unalolijua, kwa mfano kuharisha kwa wiki ya pili. Wape ndama wanaozaliwa kwa zamu, huyu apewe, anayefuata asipewe, na mengine yote yawe sawa: maziwa yaleyale, banda lilelile, mtu yuleyule. Pima uzito siku ya kuzaliwa na siku ya 56, kwa mizani au kwa utepe unaozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, ndama akiwa amesimama wima. Andika kila siku ya kuharisha.

Lengo la kawaida ni ndama kuongeza uzito wake mara mbili ifikapo siku hiyo ya 56. Wa kilo 40 afike 80, ambayo ni gramu 714 kwa siku. Kama wasiopewa wanafika huko, hakuna pengo la kuziba. Kama makundi yote mawili yako kwenye gramu 400, rudi kwenye lita za maziwa na ndoo ya maji kabla ya kubadilisha pakiti. Kama waliopewa wana siku chache za kuharisha na wenzao nyingi, na hali inajirudia kwa ndama kumi na zaidi, umepata kinachofaa banda lako. Endelea nacho hadi ndama ale kilo moja hadi moja na nusu ya nafaka kwa siku, siku tatu mfululizo. Hapo ndipo anapoachishwa maziwa, na kiongezeo kilichokuwa kikipita kwenye maziwa kinaisha pamoja nayo.